Kipande cha Katikati

Wazazi wangu walioana kwa sharti moja, na kinyume na walivyodhani wajomba zangu, sharti hilo halikuhusu dini. Baba ni Mkristo wa kaskazini mwa Uganda, alikuwa polisi. Mama ni Mnubi, binti wa Kiislamu, ukoo wa wale askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni wakabaki. Mambo ya dini waliyaacha kwa Mungu mwenyewe ayaamue. Sharti lilikuwa la lugha. Mama, kwa maelezo yake, alimwambia Baba hivi: "Wewe ukijifunza Kinubi, utakuwa mugeni kwetu. Mimi nikijifunza lugha yenu, nakuwa mugeni kwenu. Tuongee hii ya kambi. Hapo sisi wote wageni."

Basi nyumba yetu ikaongea Kiswahili cha kambini, kile cha askari, zaidi ya miaka arobaini. Ni Kiswahili ambacho mtu wa Mombasa akikisikia hushika kichwa, lakini kilitulea. Kwa Kiswahili hicho niliitwa kula, nikachapwa, nikaombewa wakati wa mitihani. Baba hakutamka neno la Kinubi mbele yetu hata siku moja, na Mama hakutamka la kwao Baba.

Dada zake Mama, yaani mama zangu wadogo, walilichukulia sharti hilo kama ruhusa. Walikuja kutoka Bombo na vikapu vyao vya ukindu wa rangi, wakakaa sebuleni na Mama wakisuka, na wakamsema Baba kwa Kinubi huku Baba mwenyewe ameketi hapo hapo na redio yake. Walisema anakoroma mpaka kuku wanahama. Walisema miguu yake ni ya mtu aliyezaliwa kuvaa buti. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi. Baba aligeuza kitufe cha redio, uso mkavu. Mimi niliyesikia lugha zote mbili nilimwonea huruma sana, na mara nyingine nilimpelekea chai bila kuombwa.

Miaka michache iliyopita Mama alianza kusahau. Mwanzo ilikuwa miwani na funguo, mambo ambayo hata mimi nasahau. Kisha akaanza kupoteza Kiswahili. Alikuwa akianza sentensi kwa Kiswahili, anaikata katikati, anaimalizia kwa Kinubi, kisha siku moja hakuanza tena kwa Kiswahili. Daktari alitueleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa lugha waliyoipata ukubwani ndiyo huondoka kwanza, ile ya utotoni hubaki. Alisema kwa upole, kwa Kiingereza. Baba aliuliza, "Inarudi?" Daktari akatuandikia tarehe ya kurudi.

Nilikuwa nimepanga chumba Luzira, pembeni mwa Kampala, karibu na ziwa, najiona mwanamke huru. Nikafunga mizigo nikarudi Kisugu, kwenye nyumba ambayo Baba aliijenga alipostaafu. Kazi yangu mpya ikawa ukalimani. Mama akisema neno, Baba ananitazama, mimi namwambia. Baba akijibu, namwambia Mama. Nilipokuwa kazini Baba alinipigia simu, akaiweka sikioni mwa Mama, akasubiri, akaichukua tena. "Anasema nini?" Nikamwambia anataka maji. Nikamwambia anaulizia kikapu chake.

Na mara kwa mara nikamdanganya. Kwa sababu kulikuwa na swali moja ambalo Mama alimwuliza Baba karibu kila siku, akimtazama usoni kwa adabu: "Ita munu?" Maana yake: wewe ni nani? Mara ya kwanza nilipolisikia ulimi wangu ulikataa kabisa kulipitisha.

"Anauliza kama umekula," nilimwambia Baba.

"Mwambie nimekula."

Sijutii hata leo. Kuna ukweli ambao mtu hana haja ya kuletewa mezani kila siku.

Sasa niseme kuhusu kazi yangu, maana mambo haya mawili yaliingiliana. Ofisi yetu iko Kabalagala, ghorofa ya juu, chini yake kuna baa ambayo huanza kupima spika zake saa sita mchana. Tunatunza mfumo wa zahanati: miadi ya wagonjwa, majibu ya maabara, dawa zilizobaki. Programu zetu haziendeshwi kwenye mashine moja. Kila programu tunaifungia ndani ya kontena pamoja na vitu vyake vyote, kama mtu anayesafiri na sufuria yake, na kontena hizo zinatawanywa kwenye kundi la seva. Juu ya kundi kuna programu nyingine, sisi tunaiita mpangaji, inayoamua kontena gani ikae seva ipi, na ikifa, ifufuliwe wapi. Ila mpangaji hawashi kontena kwa mkono wake. Kwenye kila seva kuna injini inayofanya hiyo kazi.

Injini ziko aina nyingi, kila moja na tabia zake za ndani. Kwa hiyo waliotengeneza mpangaji walikubaliana na watengenezaji wa injini juu ya lugha moja fupi. Vitabu vinaiita kiolesura sanifu. Mpangaji anasema: leta picha ya programu hii, yaani nakala yake kamili, anzisha kontena, simamisha kontena, niambie kama iko hai. Injini yoyote inayojua maneno hayo machache unaweza kuichomeka, na mpangaji hana haja ya kujua tumboni mwake kuna nini.

Baba aliniuliza jioni moja, "Hii kazi yenu, hasa mnafanya nini?" Nikamweleza hivyo hivyo, kwa vikombe na visahani vya pale mezani. Alisikiliza kipolisi, mikono magotini.

"Kumbe ni Kiswahili," akasema.

"Ndiyo, Baba. Ni Kiswahili."

"Basi wametumia akili. Ungeniambia hivyo zamani, mimi naelewa mara moja."

Shida yetu ilikuwa kwamba injini tuliyoitumia ilizaliwa kabla ya makubaliano hayo. Haikuijua ile lugha. Kwa miaka mingi mpangaji alibeba ndani yake kipande cha programu cha katikati, ambacho hakikuwa na kazi nyingine ila kutafsiri: kusikia amri kwa lugha sanifu na kuipeleka kwa injini kwa lugha ya zamani. Watunzaji wake wakachoka kukibeba. Wakatangaza mapema kabisa kwamba matoleo mapya hayatakuwa nacho, anayetaka kuendelea abadilishe injini. Sisi Kampala tukasoma tangazo, tukatikisa vichwa, tukasema tutafanya mwezi ujao. Miezi ikapita. Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema mwenzangu, na msala wenyewe ukapita kweli: toleo jipya likatoka bila kile kipande.

Mwenzangu huyo ni Muganda mnene mwenye moyo laini, tunakaa meza moja. Nilikuwa nimemsimulia habari za nyumbani. Tulipoketi hatimaye kupanga kazi, akachora ubaoni mpangaji huku, injini kule, na kijisanduku katikati, akakigonga kwa kalamu.

"Hiki ndio wewe, nnyabo," akasema, kwa Kiswahili chake cha Kiganda chenye r mahali pa l. "Bambi, masikini. Na wewe watakuchoka rini?"

"Mimi sitachokwa," nikamjibu. "Mimi ndiye nimechoka."

Nililitoa kama mzaha, naye akarudi kuchora. Lakini ilikuwa kweli. Nilikuwa silali vizuri, nikiogopa simu izime. Nilikuwa nimeanza kujiuliza, nikiugua mimi je? Nikisafiri? Watu wawili waliopendana maisha yao yote watakaa sebule moja bila hata neno la kuombana maji?

Kazi tuliipanga Jumamosi mchana, zahanati nyingi zikiwa zimefunga. Nilimwambia Baba simu yangu itazimwa mpaka jioni. Nilimwandikia maneno matano ya Kinubi kwenye karatasi: maji, chakula, choo, kulala, maumivu. Aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Niliona uso ule ule wa enzi za redio.

Kubadilisha injini huwezi kufanya kote kwa pamoja. Unachukua seva moja, unamwambia mpangaji asiipe kazi mpya, unahamishia kontena zake kwa jirani, na ikishakuwa tupu unatoa injini ya zamani, unachomeka mpya, unafungua mlango. Kisha unafuata ya pili. Seva ya kwanza ilikubali kama kwamba ilikuwa ikitusubiri. Ya pili vilevile. Tulikuwa tumeshaanza kutaniana tulipofika ya tatu, na hapo skrini ya kumbukumbu, ile inayotuonyesha kila programu inasema nini, ikawa tupu. Hakuna mstari hata mmoja kutoka kwenye seva zenye injini mpya.

"Zimerara?" mwenzangu akauliza, jasho likimtoka.

Nilidhani zimekufa. Nilipiga simu ya mezani kwa nesi wa zamu wa zahanati moja iliyokuwa wazi, nikamwuliza mfumo ukoje. "Kale, sawa, unafanya kazi," akasema. "Kwani vipi?" Kila kitu kilikuwa hai. Kila kontena ilikuwa ikisema maneno yake kama kawaida. Ni sisi ndio hatukusikia. Programu yetu ya kukusanya kumbukumbu haikuwa ikipitia lugha ya makubaliano. Tuliifanya wenyewe, zamani, kwa haraka, iingie kwa injini ya zamani kwa mlango wa nyuma. Tulipoondoa injini, mlango ukaondoka nayo. Kosa kama hilo ni letu sisi watu wa kazi hii: unasahau njia ya panya uliyoichimba mwenyewe. Tukaielekeza isome maneno hayo kwenye mafaili ya seva yenyewe, yalipokuwa yakiandikwa siku zote, na mistari ikarudi. Saa kumi tulikuwa tumemaliza seva zote. Mwenzangu alishuka chini kuleta soda.

Niliwasha simu. Mtandao haukuniletea taarifa ya simu hata moja iliyokosa kupokelewa. Baba, ambaye hunipigia hata kuniuliza Mama anacheka nini, hakuwa amejaribu hata mara moja. Soda niliiacha mezani.

Nilifika Kisugu jua bado lipo. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa, na kabla sijalisogeza nikamsikia Mama akisema kwa Kinubi kwamba upepo unamwingia, mtu afunge dirisha. Nikamsikia Baba akiinuka. Dirisha likafungwa. Mama akasema chai haina sukari. Kijiko kikagonga kikombe.

Nilisimama pale na viatu mkononi. Karatasi niliyoiandika haikuwa na neno dirisha, wala sukari.

Nikaingia. Mama akanitazama, akatabasamu, akamgeukia Baba na kumwuliza kwa adabu yake ile, "Ita munu?" Baba akaniona. Uso ukajifunga kama duka.

"Anasema nini?" akaniuliza.

"Anauliza kama umekula." Ulimi una mazoea yake.

"Mwambie nimekula."

Niliketi kwenye kiti cha mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana. "Baba," nikamwambia, "dirisha nani amekuambia?"

Alimtazama Mama. Mama alikuwa amechukua kikapu chake, vidole vinasuka vyenyewe.

"Mimi polisi," akasema mwisho. "Mutu anaongea mbele yangu miaka hii yote, mimi nisisikie? Mwaka wa kwanza tu nilikuwa nasikia nusu. Ule wa pili nasikia yote."

"Hata ya kukoroma?"

"Hata ya miguu."

Nilicheka, kisha nikaona siwezi kuendelea kucheka. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangenyamaza. Mama yako alikuwa na kazi nyingi, watoto, mimi mwenyewe na hasira yangu ya kambini. Pale na dada zake ndio alikuwa anapumzika. Ile ilikuwa nyumba yake ndani ya nyumba yangu. Sasa mimi niingie humo na buti?" Akageuza uso. "Nilikuwa nafungua redio, naweka sauti chini kidogo. Nilipenda kusikia anacheka."

Nikamwuliza nilichokuwa naogopa kuuliza. "Na hilo swali lake la kila siku?"

"Hilo nasikia. Yeye anauliza mimi nani, wewe unaniambia anauliza kama nimekula." Akanipiga kidogo gotini kwa ngumi, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nikifaulu jambo. "Uongo yako ni nzuri, mama. Nilikuwa nakubali tu. Na kweli nilikuwa nimekula."

Nililia, sikuona haya. Nililia hasa kwa ajili ya miezi ile yote ambayo alilipokea lile swali kifuani peke yake, kisha akanisubiri mimi nimletee lile la chakula.

Nilipoweza kusema nikamwuliza kwa nini basi hamjibu kwa lugha yake. Hapo ndipo alipokuwa mgumu. Sharti ni sharti, akasema. Waliapiana. Na kuna lingine, ambalo lilimtoka taratibu sana: "Kiswahili ndio nyumba yetu, mimi na yeye. Nikihama mimi pia, nani atabaki? Siku ingine akili inarudi, anafungua mlango, anakuta hakuna mutu?"

Nilielewa. Alikuwa akimlindia nafasi yake. Kwake, neno la kwanza la Kinubi lingekuwa sawa na kutia sahihi kwamba Mama hatarudi. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu una ujasiri wake.

"Baba, sharti halikuwa Kiswahili," nikamwambia. "Sharti lilikuwa mtu asiwe mgeni peke yake. Sasa hivi mgeni ni nani hapa ndani?"

Aliinuka akatoka nje, akasimama ukutani mikono nyuma kama yuko zamu, mpaka adhana ya magharibi ikaisha. Nilijiona nimevuka mpaka. Nilimwogesha Mama, nikamlisha, na usiku ule hatukuongea mimi na Baba ila kutakiana usiku mwema.

Kesho yake alikwenda kanisani. Alirudi na suti yake ya kijivu, na badala ya kwenda kubadilisha, akavuta kigoda akaketi karibu na Mama aliyekuwa anasuka barazani. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele, mlango wazi. Mama aliinua macho, akaitazama ile suti kwa heshima.

"Ita munu?"

Baba akanigeukia. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka ule, nami nililifanya: niliinamia ungo wangu, nikakaa kimya. Nilisikia akikohoa. Kisha nikasikia Kinubi kikitoka kinywani mwa baba yangu, kizito, cha lafudhi ya kaskazini, maneno yamesimama mstari kama kwenye gwaride. Alisema yeye ni mtu wa hapa hapa, amekuja kukaa naye kidogo.

Mama aliacha kusuka. Sijui kama naweza kuueleza uso wake. Kwa muda mrefu alikuwa amezungukwa na watu wanaopiga kelele asizozielewa, na mwanawe mmoja anayekuja na kuondoka. Akamwuliza ni mtoto wa nani, Baba akamtajia kijiji cha kaskazini, Mama akasema huko ni mbali, watu wa huko wanajua Kinubi siku hizi? Baba akasema alijifunza kwa wanawake fulani waliokuwa na maneno mengi. Mama akacheka, kicheko kile kile cha kujifuta machozi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, ungo mapajani.

Walizungumza mpaka mchele ukawa tayari. Kisha Mama akasogea karibu yake, akashusha sauti, kama mtu anayemwamini mgeni kuliko ndugu. Alisema ana mume. Ni mtu mwema, ila hajui lugha yetu. Alisema wao wawili waliishi kwa Kiswahili cha kambini, na Kiswahili kile ni cha amri, cha njoo na nenda na leta. Kila alipotaka kumwambia jinsi anavyompenda, maneno hayakukaa vizuri mdomoni, akayaacha, akamwekea chakula. Sasa mume haonekani, na yeye anaogopa mwenzake hakuwahi kujua kwamba anapendwa.

"Wewe unajua lugha zote mbili," Mama akamwambia. "Utamwambia?"

Baba alikuwa ameshika ncha ya kile kikapu, upande wa pili, kwa vidole vyake vikubwa.

"Amesikia," akasema.